Ua wa Bustani na Haki ya Jirani

Liko swali ambalo huletwa kwetu mara kwa mara, tena huletwa na watu ambao wamekwisha kukosana. Mtu amelima bustani ya mboga nyuma ya nyumba yake, akaizungushia ua. Jirani yake aja na kusema, "Naomba mboga kidogo." Siku ya kwanza apewa, siku ya pili apewa, siku ya tatu aambiwa, "Ndugu yangu, hizi nauza." Basi jirani aenda zake akinung'unika, "Huyu ni mchoyo, naye kila Jumapili yuko kanisani." Je, mtu huyu ni mchoyo kweli? Au yule aombaye ndiye anayemdhulumu mwenziwe?

Mtu asidhani kwamba swali hili ni dogo. Majani ya mchicha ni kitu chepesi, lakini tumeona watu wa ukoo mmoja wakikaa miezi bila kusalimiana kwa ajili yake.

Yafaa kwanza tuikumbuke desturi ya zamani, maana ugomvi huanzia hapo. Mchicha pori, mnavu na mlenda viliota vyenyewe kati ya mahindi baada ya mvua, na mwanamke apitaye njiani aliweza kuinama na kuchuma, wala hakuitwa mwizi. Desturi ile ilikuwa ya haki, kwa kuwa kitu ambacho hakuna aliyekipanda, hakuna awezaye kusema juu yake, "Hili ni jasho langu." Lakini wako watu ambao huichukua sheria ya mboga iliyoota yenyewe na kuitia katika mboga iliyopandwa, nao hawaoni tofauti.

Tofauti ipo. Tazameni yaliyomo katika tuta moja. Samadi imebebwa kichwani kutoka zizini. Udongo umelainishwa hata hauna donge, kwa sababu mbegu ya mchicha ni ndogo mno. Miche imepunguzwa ili isisongane, magugu yameng'olewa, vidukari vimefukuzwa kwa majivu, na wakati wa kiangazi maji yamemwagwa asubuhi na jioni. Hayo yote kwa muda wa majuma matatu au manne, kabla jani moja halijaingia chunguni. Tena asiyelima mara nyingi hajui kuchuma. Mnavu ukikatwa ncha zake kwa kiasi hutoa matawi mapya, ukachumwa tena na tena. Lakini aingiaye kwa haraka hukwanyua majani yote, au hung'oa shina pamoja na mizizi yake. Amechukua fungu moja, naye ameharibu mafungu mengi. Ndipo mwenye bustani hukata tamaa, akaliacha jembe, na kiangazi kinachofuata nyumba zote mbili hula ugali kwa chumvi.

Basi je, tuseme kwamba aliyelima hawiwi kitu na mtu yeyote? Hapa Torati yatufundisha, nayo yatoa hukumu ambayo pengine hatukuitazamia. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mtu aliyeingia katika shamba la mizabibu la jirani yake alipewa ruhusa kula mpaka ashibe, ila alikatazwa kujaza chombo na kuondoka nacho. Na katika shamba la nafaka aliweza kuchuma kwa mkono, lakini mundu ulikatazwa. Angalieni mpaka ulipowekwa: haukuwekwa penye ua, uliwekwa kati ya kinywa na kikapu. Ndiyo maana wanafunzi wa Bwana walipochuma masuke njiani siku ya Sabato, Mafarisayo waliwashitaki kwa habari ya Sabato tu. Hakuna aliyewaita wezi.

Mtu atasema, "Mchicha hauliwi mbichi njiani, kinywa kiko wapi hapo?" Twajibu kwamba mboga ya chungu kimoja kwa nyumba yenye njaa leo ni kinywa, na mboga ya kila siku kwa nyumba yenye jembe na mikono yenye nguvu ni kikapu. Aombaye ajipime mwenyewe, ni yupi kati ya hao wawili.

Wala tusiudharau ua kana kwamba kila mara ni alama ya uchoyo. Wasomaji wamkumbuka Nabothi, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake, na kwa nini? Ili apate bustani ya mboga, kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake. Tena hakulitaka bure. Alitoa shamba jingine lililo bora, au fedha. Nabothi akakataa, maana lilikuwa urithi wa baba zake. Twajua yaliyofuata, jinsi Yezebeli alivyoleta mashahidi wa uongo, na mtu akapigwa kwa mawe mpaka kufa kwa ajili ya mahali pa kupanda mboga. Hata leo mwenye tuta dogo mara nyingi ni mjane, na jirani yake ni mtu mwenye ng'ombe na sauti kubwa barazani. Ua wa mjane huyo ni neno lake la pekee, nasi hatuna budi kuliheshimu.

Lakini liko jambo ambalo wenye bustani hulisahau, nalo ni maji. Katika milima ya Upare ziko ndiva, yaani mabwawa madogo yaliyojengwa kwa mawe na udongo, ambayo watu wamerithi kwa mababu. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku, na mchana hufunguliwa yakaenda mashambani kwa mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Tope likijaa, huitwa msaragambo, watu wote hutoka na majembe na kuizibua ndiva pamoja. Sasa twauliza: kabichi iliyokua kwa maji hayo katika kiangazi ni ya nani? Ni ya aliyeipanda, ndiyo. Lakini haikukua kwa jasho lake peke yake. Ndani yake limo jasho la aliyebeba jiwe la kwanza la ndiva, ambaye jina lake hatulijui, na jasho la jirani aliyezoa tope mwezi uliopita huku yeye mwenyewe hana hata tuta moja.

Kwa hiyo mtu ambaye hujificha siku ya msaragambo, au huamka usiku akazibua mfereji wakati usio wa zamu yake, kisha asubuhi akafunga mlango wa ua wake na kusema, "Kila mtu ale jasho lake," huyo ndiye tunayemwona kuwa mdhalimu kuliko mwanamke aliyechuma majani bila kuomba. Majani ya mwanamke yataota tena. Zamu ya maji iliyoibwa, miche ya mwenziwe imekwisha kukauka. Na ajabu ni kwamba barazani hushitakiwa yule wa majani zaidi kuliko huyu wa maji.

Yuko na mwingine, ambaye huuza kila kitu. Lori lafika njia panda, naye hupakia kabichi, karoti na nyanya hata bustani yabaki tupu, na watoto wake mwenyewe hawapati jani. Kuuza si dhambi. Ada na nguo hutoka huko. Ila bustani ambayo watoto wa nyumbani huitazama kupitia uani kama wapita njia, imefungwa kupita kiasi.

Na mgonjwa, na mzee asiyeweza kushika jembe? Kwa hao hatuoni neno la kubishana. Mambo ya Walawi, sura ya 19, iliwaamuru wenye mashamba wasivune mpaka pembeni kabisa, ili maskini na mgeni wapate. Twapenda tuta moja la mwisho liwe lao, tena lichumwe na mwenye bustani na kupelekwa nyumbani kwao kabla hawajaja kuomba. Maana kuomba mara kwa mara humla mtu uso. Na yule mwenye nguvu aombaye kila siku apewe mbegu. Mche mmoja wa mchicha ulioachwa ukomae hutoa mbegu za kutosha matuta mengi. Lakini apewe kwa upole, na aonyeshwe jinsi ya kuzisia. Ukimtupia mbegu kwa dharau umemtukana tu.

Limebaki jambo la forosadi. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini forosadi iliyoiva haingoji soko, siku moja au mbili imekwisha kuharibika, na kama si watoto wataila ndege. Tena mtoto aliyeila hawezi kukana, kwa maana midomo na vidole vyake vimekuwa vyeusi. Sisi walimu tumeletewa watoto wa namna hiyo wameshikwa masikio, tukaambiwa tuwaadhibu. Huwauliza maneno mawili tu: Mlichukua kikapu? Mlivunja matawi? Waliokula chini ya mti wakaondoka, tumewapeleka kwa mwenye mti wakamwombe radhi na kumshukuru, basi. Waliovunja tawi tumewaambia walirudie na kulikata vipande vyenye urefu wa shibiri moja, wavichomeke ardhini kando ya njia, nje ya ua, wakati wa mvua. Mforosadi huota kwa vipande.