Wimbo Namba Saba

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kuungama. Nimewahi kusema uongo mara kadhaa kwa mkupuo mmoja, tena kwa makapeni, wino usiofutika.

Mwaka 2004 nilikuwa Masasi, nahamisha nyimbo kutoka kwenye kanda kuukuu kwenda kwenye sidii. Kanda zenyewe nilikuwa nimeziazima kwenye nyumba za watu kule Newala: ngoma, harusi, kwaya, na mama mmoja anaimba huku anatwanga. Ndugu zetu waliokwenda Dar kutafuta maisha walizitaka mno. Lakini kila sidii ilidai orodha, na kwenye makasha ya kanda maandishi yalikuwa yamefutika. Nifanyeje? Nikabuni. Wimbo namba saba, ule wa mama na mchi wake, nikauandika "Ngoma ya Kimakua", na mwimbaji nikampa jina la kwanza lililonijia kichwani. Orodha ikapendeza, bwana!

Miezi ikapita. Siku moja nikapanda Newala, nikaacha majabali ya Masasi nyuma, vumbi tupu, mpaka juu uwandani. Kwenye nyumba moja nikakuta sidii yangu inapigwa. Nikamwamkia mwenye nyumba, mzee wa watu. Akaitikia, halafu akauliza:

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika hapa?"

Nikajibu kwa majivuno, ndiyo mzee.

"Basi huyu namba saba ni mama yangu. Na hiki ni Kimakonde, si Kimakua. Mama amekwisha fariki. Sauti yake iliyobaki ndiyo hii tu, na wewe umempa mtu mwingine."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza!

Niliporudi Masasi nikawasimulia wenzangu. Wakacheka. "Acha zako wewe! Kosa la kalamu hilo. Wimbo si uleule?" Kweli, wimbo ni uleule. Hakuna noti iliyopungua. Sasa kama sauti haikuguswa, kilichoibwa ni nini?

Nilitafuta jibu kwanza kwenye mashine. Kumbe sidii ya muziki ilipoanza kuuzwa mwaka 1982 haikubeba majina kabisa. Ndani yake mlikuwa na sauti na hesabu: nyimbo ngapi, kila mmoja unaanzia wapi. Nafasi ya kuandika majina ndani ya sidii yenyewe ilikuja mwaka 1996, na hata hivyo wengi hawakuitumia. Majina yaliyotokea kwenye kompyuta yalitoka kwenye madaftari ya intaneti, kama CDDB na baadaye freedb, yaliyojazwa na wasikilizaji wenyewe. Kompyuta ilihesabu nyimbo na muda wake, ikauliza daftari: ni sidii gani hii? Ndiyo maana sidii uliyoichoma nyumbani, hesabu zake zikifanana kwa bahati na za sidii nyingine, iliweza kuvishwa majina ya wanamuziki wa Ulaya ambao hata Ruvuma hawajaisikia. Mashine haikuwa inasikiliza. Ilikuwa inajaza nafasi. Kama mimi tu.

Tena jina baya likishaandikwa, linatembea. Solomon Linda alirekodi "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi la The Weavers la Marekani likautoa wimbo huo kwa jina la "Wimoweh", neno lililotokana na kusikia vibaya, na kwenye sahani mtunzi akaandikwa Paul Campbell, mtu asiyekuwapo duniani. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Mabinti zake walifikia mapatano ya malipo mwaka 2006. Hebu fikiri: miaka zaidi ya hamsini, na mzizi mmojawapo ni mstari mmoja kwenye lebo!

Wapo watakaoniambia nyimbo za kutwangia hazina mwenyewe, ni mali ya kijiji kizima. Nakubali. Lakini kijiji nacho kina jina, na mimi nililibadilisha pia. Halafu wimbo ukiwa wa wote, pumzi ile, siku ile, mchi ule, ni vya mtu mmoja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Na hapa ndipo ninapotaka kukubana, msomaji, hasa wewe unayetaka kuwa mwandishi. Pengo si aibu. Aibu ni kuliziba kwa uongo unaopendeza. Mtu akikuta pameandikwa "hajulikani", ataendelea kuuliza. Akikuta jina, hata la uongo, ataacha kuuliza. Jina la uongo linamzika mtu mara ya pili, na safari hii hata mkewe au mwanawe haambiwi kaburi liko wapi.

Nilichoma sidii upya, maana zile za kwanza hazikufutika. Nikazibadilisha moja moja, nyingine nikazituma Dar kwa watu wa basi. Zote sikuzipata. Mahali fulani, hata leo, huenda mama yule bado anaitwa jina nililolibuni, na hilo siwezi kulitengua kwa kujuta.

Kwenye orodha mpya, namba saba niliandika jina alilonitajia mwanawe, herufi kwa herufi, yeye akiwa amekaa pembeni yangu. Namba tatu na kumi na moja niliandika: "Hajulikani. Ukimjua, tuambie."

Mwaka uliofuata mtu akaja kuniambia jina la namba kumi na moja. Namba tatu bado nasubiri.