Jabali na Sanduku la Kioo

Je, anayemtoa kiumbe katika ardhi yake hudaiwa nini na kiumbe huyo? Swali hili aghalabu huulizwa katika habari za binadamu: mkimbizi, mtumwa, mtoto wa kulea. Ni nadra kuulizwa katika habari za mjusi. Mjusi halalamiki wala habembelezi. Anayetaka kuijua haki yake hana budi kuitafuta kwa fikra.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ni nchi ya nyasi na majabali. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inayopakana nazo, juu ya majabali ya itale, huishi mjusi ambaye mtaalamu Arthur Loveridge alimpa jina la Agama mwanzae mwaka 1923. Dume ana kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea, na mwili wa buluu iliyoiva. Asubuhi hujilaza juu ya jiwe akaota jua; jua likimzidi hujisitiri katika ufa. Akiwa na njaa huwinda wadudu. Akiona kivuli cha mwewe hukimbia. Siku yake nzima ni mfululizo wa kuchagua.

Rangi hizo zimemponza. Katika masoko ya Ulaya na Marekani ameuzwa kwa jina la Spider-Man, shujaa wa hadithi za picha mwenye vazi jekundu na buluu. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Na mwaka 2022, ruhusa ya kuwauza waliosalia mikononi mwa wafanyabiashara ilipotangazwa, ilisitishwa muda si muda. Lakini amri haimrudishi aliyekwisha kuvuka bahari. Huko alikofikishwa, maisha yake yote yamo katika sanduku la kioo, na moja ya maswali ya kwanza ya mlezi wake ni hili: atandikiwe nini?

Swali laonekana dogo, kumbe ni la uhai na mauti. Mlezi apendaye mandhari hutandika mchanga laini, changarawe au chenga za maganda ya jozi, kwa kuwa vyapendeza machoni pake. Mjusi anapomrukia mdudu, hufumba kinywa juu ya mdudu na mchanga pamoja. Kidogo hupita, kingi hujikusanya tumboni hata njia ikaziba. Hapo mjusi hukataa chakula, huacha kwenda haja, tumbo huvimba, miguu ya nyuma hulegea. Asipopata tiba, hufa. Ndiyo sababu walezi waangalifu, hasa wenye mijusi wachanga au wagonjwa, hutandika karatasi, au hulaza vigae na mawe bapa, na chakula hukiweka katika kisahani.

Walakini hapa pana fumbo. Kobe wa nyika za Serengeti hula udongo na kuguguna mifupa mikavu kwa ajili ya madini, na bado huishi miaka mingi. Basi kosa si la mchanga peke yake. Tumbo la mtambaazi hufanya kazi kwa joto la nje: akikosa jua husaga chakula kwa shida, akikosa maji matumbo hukauka, akikosa madini ya chokaa huenda akala kisicholiwa. Porini kila upungufu huo una dawa yake, maadamu mnyama ana miguu na hiari ya kuiendea. Ndani ya kioo miguu anayo, pa kwenda hana.

Hiari iliyomtoka mjusi haikupotea. Imehamia kwa mlezi. Yeye sasa ndiye jua, ndiye mvua, ndiye jabali. Ndipo udhuru wa kutojua unapopungua nguvu, kwani anayejitwalia uchaguzi wa mwingine hujitwalia pia wajibu wa kujua. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 humweka Rais wa Tanzania kuwa mdhamini wa wanyamapori kwa niaba ya wananchi. Neno hilo lina uzito: kilichowekwa amana hakigeuki mali, wala bei iliyolipwa dukani haimfuti mdai.

Patakuwapo atakayesema: basi na atandike karatasi, deni limekwisha. La. Karatasi huzuia kifo, haileti jabali. Malenga hujifunga kwa vina na mizani kwa hiari yake, na ndani ya kifungo hicho akapata uhuru. Mjusi hakukichagua kioo. Usalama ni sehemu ya kwanza ya deni, ile isiyokubali kucheleweshwa. Iliyobaki ni joto, maji, mwamba wa kupanda na ufa wa kujisitiri. Na huenda hata kwa hayo yote deni lisilipike likaisha.

Wahenga walinena, ukipenda boga upende na ua lake. Anayependa rangi za mjusi na apende na jiwe lake. Na mapenzi ya jiwe, mara nyingi, humwacha mjusi pale alipo, asubuhi, akiota jua bila kumshukuru mtu.