Utulivu wa Moyo Katika Khofu ya Vita

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuteremsha utulivu katika nyoyo za waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Iraq ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na Iran ilipoirushia makombora kambi ya Al Udeid nchini Qatar tarehe 23 Juni 2025, khofu iliingia katika majumba mengi ya Ghuba, yakiwemo ya wenye kusema Kiswahili. Nyakati kama hizo huzuka suala: Je, Muislamu anayeogopa vita huwa imani yake imepungua?

Khofu yenyewe si dhambi. Nabii Musa na nduguye Harun (A.S.) walipoamrishwa kwenda kwa Firauni, walimwambia Mola wao kuwa wanaiogopa dhulma yake. Hawakukemewa. Waliambiwa kuwa Yeye yu pamoja nao, anasikia na anaona, nao wakaenda. Basi mja hahukumiwi kwa mapigo ya moyo wake, ambayo hayamo katika hiari yake, bali kwa anayoyatenda hali ya kuwa anaogopa.

Wala utulivu si kughafilika. Katika Sala ya khofu, iliyotajwa katika Sura An-Nisaa, kundi moja husali na jingine hulinda, na wanaosali wameamrishwa wachukue silaha zao. Kwa hiyo mwenye kuweka akiba ya maji na kutayarisha pasi za watoto wake hakuivunja tawakkul yake. Lakini anayekomba vyakula dukani hata jirani akakosa, huyo khofu imeshamtawala. Na mfano wake ni yule anayepeleka kwa simu kila uvumi uliomfikia. Sura hiyo hiyo inawalaumu wanaotangaza khabari za amani au za khofu kabla ya kuzirejesha kwa wenye kuzijua. Na watu hulichukulia jambo hili kuwa jepesi!

Katika Basra, Imamu Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima alifungwa gerezani na Hajjaj bin Yusuf, akatoka baada ya kufa Hajjaj mwaka 95 Hijria (714 Miladia). Khofu haikuisha kwa kutoka kwake. Imesimuliwa kuwa alisomesha ndani ya chumba cha chini ya ardhi, na mlinzi mlangoni. Alipopita mtu, darasa lilinyamaza na mikono ikashika ususi wa vikapu. Hawakungoja amani ndipo wasome, wala hawakujitupa barabarani kwa kudai ushujaa. Miongoni mwa waliosoma kwake katika hali hiyo ni Abdulrahman bin Rustam, aliyekuja kuwa Imamu wa Tahert, katika nchi iitwayo leo Algeria.

Utulivu huo mtu hajitengenezei. Huteremshwa, kama ulivyoteremshwa katika pango la Thawr hali maadui wakiwa karibu. La mja ni kubaki katika wajibu wake. Mzazi aliyeko Doha au Maskati asilivunje darasa la Qur-ani la wanawe baada ya Magharibi kwa ajili ya khabari za televisheni. Na ikiwa wasia wake haujaandikwa, basi auandike usiku huo huo, ayataje madeni yake moja moja, na awashuhudishe watu wawili waadilifu.