KUSHUKA SI KURUDI NYUMA

Somo: Matendo 16:6-10, Luka 14:28-32

Sisi wa Kedowa theluji hatuna. Tunajua mvua ya mawe, inapiga majani chai nusu saa tu na shamba lote linakuwa jeupe. Lakini Mlima Kenya theluji iko. Unaanza chini msituni, kwenye mianzi na matope, na njia unaiona vizuri. Ukifika juu unakuta theluji mpya imeifunika. Hapo ndipo imani na kiburi huachana.

Mwaka 1943 wafungwa watatu wa vita, Waitaliano, walitoroka kambini Nanyuki ili wapande mlima huo. Mmoja aliitwa Felice Benuzzi. Walikuwa na chakula kidogo na vifaa vya kujitengenezea. Wawili wakajaribu Batian, kilele cha mita 5,199, lakini dhoruba ya theluji ikawafungia njia. Wakashuka. Je, walishindwa? Tarehe 6 Februari walisimamisha bendera yao juu ya Lenana, mita 4,985! Wangeng'ang'ania Batian, labda hata hiyo Lenana wasingeiona.

Sasa mwangalie Paulo. Alitaka kuhubiri Asia, Roho akamkataza. Akajaribu Bithinia, akazuiwa tena. Hakusema, "Nilishatangaza, siwezi kubadilisha." Aliteremka mpaka Troa, na ni huko alikoonyeshwa Makedonia. Lidia na mlinzi wa gereza wakaokoka kwa sababu mtu alikubali njia nyingine imefungwa.

Wapendwa, tuambiane ukweli. Kuna mtu biashara yake imekufa, lakini anachukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Bonasi ya majani chai haijaingia na ameshaila. Kwa nini? Alishuhudia mbele ya kanisa, na anaogopa kuambiwa hana imani. Darasani kwenye biashara tulifundishwa kwamba pesa iliyokwisha kupotea isikuamulie hatua ya kesho. Yesu alitangulia kusema: keti kwanza, hesabu gharama. Aliyerudi nyuma ni yule aliyemwacha Yesu, si yule aliyefunga duka.

Wiki hii fanya mambo matatu:

1. Omba, halafu fungua daftari la hesabu. Usiombe ukiwa umelifunga.
2. Mwambie mwenzako wa nyumbani deni lote, si nusu.
3. Mtafute mtu mzima katika Bwana aliyewahi kupita hapo. Mlimani hakuna anayejidai mbele ya kiongozi wa njia.

Na sisi wengine, ndugu akishuka tusimcheke. Tumpokee na chai ya moto. Mwambie aliye karibu nawe: kilele changu bado kiko!

Tuombe: Baba, tupe nguvu ya kupanda unakotutuma, na unyenyekevu wa kushuka unapotuzuia. Katika jina la Yesu, Amina.