Mwenye Muhuri Naye Aulizwe

Cheo humpa mtu mambo mengi, lakini humnyang'anya moja ambalo hulikumbuka akiwa amechelewa: watu wa kumwambia ukweli kuhusu nafsi yake. Ukocha wa uongozi, yaani mazungumzo ya faragha yanayofanyika kwa kipindi maalumu, ambamo kiongozi huulizwa maswali na mtu asiye bosi wake wala mtumishi wake, kwa kawaida huuzwa kwa sababu nyingine. Tangu Timothy Gallwey alipoandika kuhusu mchezo wa tenisi mwaka 1974, na John Whitmore alipoyahamishia mawazo hayo kazini katika kitabu chake cha mwaka 1992, wakurugenzi na wataalamu wameahidiwa kwamba watajiamini zaidi, watafanya kazi kwa ufanisi na kupanda vyeo. Ahadi hizo zina ukweli wake, lakini si humo ulimo uzito wa jambo lenyewe. Hoja yangu ni kwamba faida kubwa ya ukocha ni ya kimaadili: humrudishia kiongozi elimu ya nafsi ambayo madaraka yamemnyima, na kwa hiyo ni haki ya wanaoongozwa kabla ya kuwa starehe ya anayeongoza. Ikiwa hivyo ndivyo, anayeuhitaji zaidi si yule mwenye mshahara mnono. Ni yule ambaye watu wake hawana pa kwenda wakichoshwa naye.

Hapo ndipo Nakivale inapotufaa kama mahali pa kuipima hoja. Makazi haya ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, yalianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, zaidi ya watu laki moja na nusu, katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Juu kabisa kuna Ofisi ya Waziri Mkuu na kamandanti wake, ikishirikiana na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Chini yake kuna mabaraza ya wakimbizi wenyewe, yanayoitwa RWC, yenye ngazi tatu kuanzia kijijini. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wenzake na halipwi mshahara, ila ana kalamu na muhuri. Mama aliyegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, kijana anayetaka kupeleka malalamiko ofisini, familia inayohitaji kuthibitishwa kwamba inakaa pale inaposema inakaa: wote huanzia kwake, na mara nyingi huondoka na barua ya mistari michache iliyogongwa muhuri wa wino. Mwenyekiti akikawia, shida yao hulala. Akikasirika, hulala zaidi.

Swali la jinsi mtu anavyoweza kuzijua kasoro zake ni la kale kuliko ofisi yoyote. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilichambua katika kazi yake kubwa iitwayo Ihya, kwenye kitabu cha kuitengeneza nafsi, na akataja njia nne. Ya kwanza ni kukaa chini ya mwalimu mwenye jicho la kuona maradhi ya moyo. Ya pili ni rafiki mkweli, aliyewekwa kama mlinzi wa mwenendo wako. Ya tatu ni ndimi za maadui, kwa kuwa adui hutaja aibu ambazo mpenzi huzifumbia macho. Ya nne ni kuchanganyika na watu na kujipima kwa yale unayoyachukia kwao. Sokrate wa Athene alikwisha kuifikia njia yake mapema zaidi, ya kumhoji mtu hadi agundue kwamba alichokiita ujuzi kilikuwa mazoea tu. Wanafikra hawa wawili, waliotenganishwa na karne nyingi na imani tofauti, wanakutana kwenye jambo moja: mtu peke yake hajioni vya kutosha. Waswahili husema kinyozi hajinyoi, na hawasemi hivyo kwa sababu kinyozi hajui kazi.

Ghazali aliandika kwa ajili ya kila mtu anayetafuta kujirekebisha. Tukimweka mwenye madaraka katika nafasi ya mtu huyo, tunaona kwamba njia zote nne huanza kuziba siku anayopewa cheo. Mwalimu wake wa jana, awe mchungaji au sheikhe, leo anahitaji saini yake ili apate mahali pa kujenga nyumba ya ibada. Rafiki mkweli amekuwa mnufaika, naye anajua kwamba neno moja lisilopendeza linaweza kumgharimu. Adui bado anasema, lakini cheo humpa kiongozi jibu tayari: huyu ana wivu, huyu wa kabila lile, huyu alishindwa uchaguzi. Na kuchanganyika na watu kumegeuka kupokelewa na watu, kitu ambacho hakifanani nako hata kidogo. Mambo hayo yako katika mji wa jirani wa Mbarara kama yalivyo Nakivale. Daktari bingwa anayekabidhiwa idara kwa sababu ya ustadi wake wa upasuaji, mhadhiri anayefanywa mkuu wa kitivo, meneja wa SACCO au wa kiwanda cha maziwa: kila mmoja alipandishwa kwa kazi aliyoiweza, akapewa kazi nyingine ya kuongoza watu, na siku hiyohiyo wale waliokuwa wakimsahihisha wakaanza kumwita mheshimiwa. Tofauti ni kwamba muuguzi wa Mbarara aliyechoshwa na mkuu wake anaweza kuomba uhamisho. Mkimbizi wa Rubondo hawezi kuhama mwenyekiti kirahisi hivyo.

Kocha anaingia katika pengo hilo, na chombo chake ni swali. Mfano wa zamani ulio safi kuliko yote umo katika sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka, katika Biblia. Yethro, kuhani wa Midiani, anamtazama mkwewe Musa akiwaamulia watu kesi tangu asubuhi hadi jioni, na kabla ya kutoa shauri lolote anamuuliza ni kazi gani hiyo anayowafanyia watu, na kwa nini anaketi peke yake. Musa anajibu kama wajibuvyo viongozi wengi, kwamba watu ndio wanaomjia. Hakuwa amegundua kwamba mpangilio ule alikuwa ameuweka yeye mwenyewe, na kwamba ulikuwa unawachosha watu kama ulivyokuwa unamchosha yeye. Sasa tuchukue mwenyekiti yeyote anayesema kikaoni kwake hakuna upinzani. Kocha mwenye busara hatamhubiria demokrasia. Atamuuliza: mara ya mwisho mtu alipokupinga mbele ya watu, alipatwa na nini baadaye? Mwenyekiti atasema hakupatwa na lolote. Swali la pili linafuata: tangu siku hiyo, amesimama kusema tena? Hakuna semina ya utawala bora inayoweza kufanya kazi ya swali hilo la pili, kwa sababu semina huzungumza na viongozi wote, na swali hilo linamhusu mtu mmoja na jina analolikumbuka.

Je, kuna ushahidi kwamba mazungumzo ya namna hii hubadilisha kitu? Upo, na unapaswa kusomwa kwa kiasi. Mwaka 2014 Theeboom na wenzake huko Uholanzi walikusanya matokeo ya tafiti 18 kuhusu ukocha kazini, wakakuta manufaa katika utendaji, hali ya moyo, uwezo wa kuhimili shinikizo na kujiwekea malengo. Kasoro ya tafiti nyingi za aina hii ni kwamba anayeulizwa kama amebadilika ni yuleyule aliyefundwa, na mtu aliyetumia miezi kujizungumzia hapendi kusema alipoteza muda. Kwa hiyo ninauthamini zaidi utafiti wa Brooks, Donovan na Johnson, uliochapishwa mwaka 2018, kuhusu wanawake wenye biashara ndogo Dandora, Nairobi. Baadhi walipelekwa darasani kujifunza biashara. Wengine waliunganishwa na mwanamke mzoefu wa mtaa uleule awe mlezi wao, wa kukutana naye na kuzungumza. Waliokwenda darasani walibadili namna ya kuendesha shughuli zao lakini faida haikupanda. Waliopata mlezi waliongeza faida kwa asilimia 20 kwa wastani, na ongezeko hilo likafifia kadiri uhusiano ulivyokatika. Mlezi hutoa ushauri zaidi kuliko kocha, kwa hiyo mambo haya mawili si kitu kimoja. Lakini matokeo ya Dandora yanatufundisha mawili yanayohusu yote: maarifa ya jumla hayamfikii mtu kama mtu mwenzake anavyomfikia, na badiliko linategemea uhusiano uendelee.

Pingamizi la kwanza litakuja kutoka kwa wazee, nao wana haki ya kusikilizwa. Watauliza kwa nini tuagize kutoka ng'ambo kitu tulichonacho. Warundi walikuja na desturi ya bashingantahe, wazee wapatanishi wao, Wakongo wa Kivu wanajua baraza la wazee, Wasomali wana sheria ya kimila inayolindwa na wazee wao, na Kurani inamwagiza hata Mtume ashauriane na watu wake. Nakubali kwamba mizizi ya ukocha iko katika hekima ya namna hiyo, na anayeuleta kama ugunduzi mpya anajidanganya. Hata hivyo baraza la wazee kazi yake kubwa ni kuamua, na aliyeketi mbele yake huja akijitetea. Mtu anayejitetea hajichunguzi. Tena, ugenini mzee naye ana upande: ni wa ukoo fulani, kanisa fulani, vita fulani iliyowafukuza nyumbani. Yethro aliweza kusema kwa sababu hakuwa na kesi ya kusikilizwa, na sura ileile inamalizika kwa yeye kurudi nchini kwake. Tunachokihitaji ni hekima ya wazee iliyotolewa kwenye kiti cha hukumu na kuwekwa kwenye kiti cha kuuliza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa msaada nchini Uganda kwa makundi ya uhitaji, na waliohesabiwa kuwa wanajimudu wakaondolewa; mwaka 2025 uhaba wa fedha ukawaacha wakimbizi wapatao milioni moja nchini kote bila mgawo huo. Mbele ya njaa, kumpa mwenyekiti kocha si sawa na kumwambia kwamba tatizo liko kichwani mwake? Ingekuwa hivyo kama ukocha ungetolewa badala ya chakula, na yeyote anayeutoa kwa nia hiyo apingwe. Lakini kukiri kwamba uhaba umetoka juu hakufuti uamuzi ulio chini. Orodha haiandikwi na mwenyekiti, ila yeye ndiye anayeulizwa kwa nini jina fulani halimo. Anaweza kujificha, kuwalaumu watu wa taifa jingine, kuuza matumaini kwa anayeweza kulipa, au kusimama na kusema anachokijua na asichokijua, kisha akapeleka malalamiko yote bila kuchagua. Uhaba hupunguza mambo ambayo kiongozi anaweza kuyatenda, na hapohapo hukuza uzito wa yale machache yaliyobaki mkononi mwake.

La tatu ndilo linalonisumbua kuliko yote: ukocha unaweza kumnoa kiongozi mbaya. Anayekula rushwa akifundishwa kusikiliza, atakula kwa upole zaidi. Jibu la kwamba kila mtu ana wema ndani yake halitoshi. Jibu liko katika namna ambavyo ukocha wenyewe unapangwa. Kocha anayechukua malengo kutoka kwa kiongozi peke yake amekuwa mtumishi wake. Katika Biblia, nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi hakumuuliza anataka kufikia nini mwaka huu. Alimletea kisa cha maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake wa pekee, akamwacha mfalme atoe hukumu kabla hajajua kwamba anajihukumu. Alimwingiza aliyedhulumiwa katika chumba ambamo hakuwa na nafasi ya kuingia. Ukocha wa uongozi unaostahili jina hilo hufanya vivyo hivyo: huanza kwa kukusanya, bila kutaja majina, maneno ya wanaoongozwa, na hurudi kwao baada ya miezi kuuliza kama wameona tofauti. Na pale ambapo kosa ni la jinai, kazi ni ya polisi na mahakama. Kocha hana mamlaka ya kusamehe.

Kutokana na haya yote tunaweza kusema kocha anayefaa ni nani. Lazima ayajue maisha ya anayemhoji, kama matokeo ya Dandora yanavyoonyesha, na lazima asiwe na haja na muhuri wake, kama Yethro anavyoonyesha. Katika kijiji cha watu wa asili moja ni shida kuwapata watu wa namna hiyo. Nakivale ni rahisi kuliko tunavyodhani. Mwenyekiti Mkongo wa Juru na mwenzake Msomali wa Base Camp wanabeba mzigo uleule, hawana ukoo wa pamoja, hakuna anayesubiri barua ya mwenzake, na wengi wa namna yao wanaelewana kwa Kiswahili. Wakifunzwa stadi ya kuuliza na kunyamaza, wanaweza kuhojiana mara moja kwa mwezi bila gharama ya mtaalamu kutoka Kampala. Wachanganyike pia na wakuu wa idara na mameneja wa Mbarara, wala isidhaniwe kwamba mafunzo yatatoka mjini kwenda makazini pekee. Anayeongoza bila mshahara, bila bajeti na bila uwezo wa kumfukuza mtu kazi anajua kuhusu uongozi mambo ambayo mkurugenzi hajawahi kulazimika kuyajua.

Taasisi zinazolipia ukocha wa wakuu wao, basi, zibadilishe swali zinalouliza mwishoni. Badala ya kumuuliza mkuu kama ameridhika, ziwaulize walio chini yake kama sasa ni rahisi zaidi kumwambia kwamba amekosea. Wakijibu hapana, fedha zimenunua maneno matamu, hata kama mkuu mwenyewe anatabasamu. Wakijibu ndiyo, kiongozi amepata kitu ambacho cheo hakiwezi kumpa, na wao wamepata kiongozi wanayeweza kumsahihisha bila kulipia ujasiri wao.