Makaa Matamu

Katika nyumba nyingi za Marekani na Uingereza watoto hutundika soksi usiku wa kuamkia Krismasi, nao huwa wameambiwa kwamba mzee wa ndevu nyeupe apitaye usiku huo anayo daftari ya matendo yao. Aliyekuwa mwema atakuta zawadi. Mtukutu atakuta bonge la makaa ya mawe. Hutokea basi asubuhi mtoto akatia mkono ndani ya soksi akatoa kitu cheusi, chenye kingo za jiwe lililopasuliwa. Hukitazama, kisha huwatazama wazazi. Mkubwa mmoja humwambia, "Hebu king'ate." Naye aking'ata hukuta ni chokoleti.

Kitu hicho ni faji, peremende laini ya sukari, maziwa na kakao, iliyopikwa makusudi ifanane na makaa. Waitalia hawakuingojea faji ili kufanya mzaha huu. Kwao mgawaji wa zawadi ni kikongwe aitwaye Befana, ajaye usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari, naye huacha makaa ya sukari iliyopikwa kwa ute wa yai na kutiwa rangi nyeusi. Wahispania nao wanayo makaa yao, na kwao waletaji ni Mamajusi watatu wa Mashariki. Popote yanapoliwa, makaa hayo huchekesha, na hapana anayeona haja ya kuyafanyia falsafa. Hata hivyo ndani yake limo swali la haki: je, aliyeyapika akayatia ndani ya soksi amemdanganya mtoto? Na kama amemdanganya, ni kosa, au utamu wa mwisho hufuta yaliyoutangulia?

Kwanza upishi, maana wapishi wa halua wa Unguja na Pemba watakubali nusu yake na kuikataa nusu. Sukari vikombe viwili, malai kikombe kimoja, chokoleti chungu isiyotiwa sukari, na siagi kijiko: vyote huchemshwa hadi nyuzi 115 hivi za Selsiasi. Asiye na kipimajoto hudondosha tone katika maji baridi. Tone likikusanyika likawa kidonge kinachobonyea baina ya vidole, sufuria huepuliwa. Hadi hapo hakuna ugomvi. Lakini mpishi wa halua, ambaye mwiko wake haupumziki tangu wanga uingiapo chunguni hadi samli ijitenge, atashangaa kuona kwamba baada ya kuepuliwa faji haiguswi. Huachwa ipoe, imetulia kabisa, hadi nyuzi 45 hivi. Ikikorogwa ingali moto, sukari hujikusanya chembe kubwa kubwa, na anayeila huwa kama aliye na mchanga kinywani. Ikishapoa ndipo hupigwa kwa nguvu zote za mkono, hata mng'ao wake upotee. Anayetaka makaa huzidisha rangi, huponda biskuti nyeusi akachanganya, na badala ya kuikata vipande vya mraba huivunja kwa mkono, kwa kuwa kisu kingemsaliti.

Faji yenyewe ni mtoto wa juzi. Mwaka 1888 Emelyn Hartridge, mwanafunzi wa Vassar, chuo kilichokuwa cha wanawake katika jimbo la New York, alipika ratili 30 kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Baadaye alieleza katika barua kwamba upishi huo ulitoka kwa binamu wa mwanafunzi mwenzake, huko Baltimore, ambako mwaka 1886 faji iliuzwa senti 40 kwa ratili. Neno, hata hivyo, ni kongwe kuliko kitu. Tangu karne ya 17 Waingereza walilitumia kwa kitendo cha kuunganisha mambo kiholela, kubabaisha, kupindisha hesabu hata ikubali, na maana hiyo ingali hai. Mfasiri akikuta kwamba waziri fulani amefanya faji katika bajeti, hana budi kujua kuwa hapana chokoleti iliyopikwa. Kwa jina lake tu, basi, kitamu hiki kinakaa jirani na udanganyifu.

Wanafalsafa wa maadili hawakuudharau mzaha. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, alipoandika juu ya uongo mnamo mwaka 395, aliuweka mzaha kando tangu mlangoni: sauti ya mwenye kutania na hali yake hutangaza kwamba hakusudii kudanganya, na pasipo kusudi hilo hapana uongo. Karne tisa baadaye Tomaso wa Akwino aliurudisha ndani. Aliugawa uongo mafungu matatu, wa kudhuru, wa kufaa na wa kuchekesha, na huu wa mwisho akauhesabu kuwa dhambi, ingawa nyepesi. Kant, katika makala yake ya mwaka 1797, alikataza uongo hata mbele ya muuaji abishaye hodi na kuuliza alikojificha rafiki yako. Mtu wa namna hiyo si wa kumpelekea makaa ya chokoleti.

Kati ya hao Augustino ndiye mpole, lakini kipimo chake hakitufai hapa. Mzaha wa makaa hufa mara uso wa mzazi unapotangaza. Sharti mtoto aamini, japo kwa pumzi tatu. Bila kuamini huko hapana kustaajabu, na bila kustaajabu faji hiyo ni faji kama nyingine, tena iliyopikwa ovyo.

Wasomaji wa pwani wanacho kipimo kingine, nacho ni cha zamani. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akitania, lakini katika utani wake hakusema ila kweli. Mtu mmoja alimwendea kuomba mnyama wa kupanda, akaambiwa kwamba atapandishwa juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akataka kujua atamfanyia nini mtoto wa ngamia. Akaulizwa kama yuko ngamia asiyezaliwa na ngamia. Katika kisa hiki hapana neno la uongo hata moja. Msikilizaji alipotea kwa kuharakisha kuona picha ndogo mahali palipokuwa na nafasi ya kubwa, na ufunguo wa kumtoa alikuwa nao yeye mwenyewe tangu mwanzo. Washairi wa Kiswahili wanaujua ujanja huo vyema. Mshairi asimuliaye jahazi lililochanika tanga hasemi uongo ingawa maisha yake hajamiliki hata ngalawa. Amefumba, na aliyefumbiwa amepewa vya kufumbulia. Fumbo lisilofumbulika kwa yeyote si fumbo.

Tukiyapima makaa matamu kwa kipimo hicho, tutawaona watoaji wa namna mbili. Yuko anayeyatia ndani ya soksi akanyamaza. Huyo hakusema neno. Kilichosema ni umbo, na ndani ya umbo hilo hilo ameacha ushahidi dhidi yake: harufu ya kakao haifichiki, uzito si wa jiwe, na joto la kiganja huanza kuiyeyusha. Mtoto mwenye pua anaweza kushinda kabla hajang'ata. Yuko na mwingine, ambaye hatosheki na kimya. Huyo huongeza maneno: kwamba mzee amesikia habari ya ile sahani iliyovunjwa, kwamba mwaka huu hapana zawadi nyingine. Hapo mzaha umevuka mpaka. Maneno hayo hayana ufunguo ndani yake. Mtoto hawezi kuyanusa.

Itasemwa kwamba vyote ni kimoja, mradi mwisho ni utamu. Itasemwa pia kwamba mchuuzi apangaye maembe mazuri juu ya tenga na mabovu chini hudhulumu kwa kuwa uchungu ameuficha chini ya utamu, ilhali mpika makaa ameuficha utamu chini ya uchungu, na hajapata kuonekana mtu aliyekwenda kwa kadhi kushtaki kwamba alipewa zaidi ya alivyotarajia. Hoja hii ina nguvu. Inashindwa mahali pamoja tu, napo ni zile pumzi tatu. Mteja wa maembe hupoteza fedha, na fedha zaweza kurudishwa. Mtoto aliyeshika bonge jeusi hupoteza kitu kingine: kwa muda ule ameamini kwamba amehukumiwa, na kwamba watu wake wote wameijua hukumu hiyo kabla yake. Chokoleti humwambia kuwa hukumu haikuwapo. Haimwambii kuwa hakuogopa.

Ndiyo sababu makaa si sawa na mizaha mingine ya msimu huo. Wako wanaoiviringisha faji hiyo hiyo vidonge vidogo na kuandika juu ya mfuko kwamba ni samadi ya wanyama wavutao kigari cha yule mzee. Watoto huicheka mpaka wakashikwa na kwikwi, nayo haihitaji makala. Samadi haimshtaki mtu. Makaa hushtaki.

Na mashtaka yenyewe yamejengwa juu ya neno ambalo wakubwa hulisema bila kutania hata kidogo, kwamba zawadi huwafuata wema. Hapa ndipo uongo ulipo, nao hauna sukari ndani yake. Zawadi hufuata mshahara. Katika mtaa mmoja, mtoto mpole wa mfagiaji atapata kidogo, na mtoto mkorofi wa mwenye duka atapata baiskeli, na wote wawili wamefundishwa hesabu moja: uliyopewa ndiyo kadiri ya wema wako. Wa baiskeli atajiona mwema. Wa pili afanyeje na hesabu yake? Mzaha wa makaa, ukitazamwa kwa jicho la huruma, ni namna ya kuicheka hesabu hiyo mbaya, kwa kumpa mtoto alama ya hukumu ambayo aweza kuila ikaisha. Lakini ni yule aliye na vingine vya kufungua asubuhi hiyo ndiye awezaye kucheka hivyo.

Ajabu ni kwamba makaa hayakustahili kuwa tusi. Huko Uskoti, usiku wa kuingia mwaka mpya, mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita hutarajiwa kuja na bonge la makaa mkononi, ili nyumba isipungukiwe na moto mwaka mzima. Kitu kile kile ambacho katika soksi ni adhabu, mlangoni ni dua. Mfasiri anayetaka kulileta bonge hilo Zanzibar hupata taabu iyo hiyo: mpe mtoto wa hapa kipande cha mkaa naye atakupelekea jikoni, akidhani umemtuma. Na wako watoto ambao makaa hayakuwa kwao fumbo wala dua. Mnamo Januari 1911 Lewis Hine alipiga picha katika machimbo ya South Pittston, Pennsylvania, za wavulana waliokaa safu kwa safu juu ya mifereji ya makaa, wakichambua mawe kwa vidole, nyuso zimejaa vumbi. Wengine walikuwa wa umri ule ule wa kutundika soksi. Siku hizi makaa yameondoka katika nyumba nyingi za huko, na pengine ndiyo maana yanaweza kuchezewa. Jambo huwa la mzaha likishaacha kuwauma wenye kutania.

Mila za utani za Waswahili na majirani zao zinalo la kuchangia. Utani hautangulii ujamaa; ujamaa ndio unaoutangulia. Mtani wa Kinyamwezi aweza kumwambia Mzaramo maneno ambayo mgeni angeyalipia faini, kwa kuwa wote wawili wanajua walivyo hata kabla kinywa hakijafunguliwa. Na ndani ya nyumba moja, anayemtania mtoto ni babu na bibi. Babu humwita mjukuu mke wake, humwambia amezeeka, humnyang'anya chakula kwa uongo na kweli, na mtoto hulia kwa kucheka. Baba hafanyi hivyo kwa wepesi. Haina maana kwamba baba hapendi. Maana yake ni kwamba baba ana fimbo. Maneno ya mwenye fimbo hayawi mzaha mtupu hata akitaka, kwani anayesikiliza hulazimika kwanza kuitazama fimbo iko wapi.

Mila hiyo ingewafaa wapika faji. Wazazi ambao mwaka mzima wametumia daftari ya yule mzee kama kitisho, kila chakula kisipoliwa na kila usingizi usipokuja, hawana haki ya kutia makaa katika soksi. Wametumia haki hiyo kwa jambo jingine. Mtoto aliyekwisha kuitwa mbaya, shuleni na nyumbani, asipewe kabisa, hata na babu. Wala asipewe mmoja peke yake mbele ya ndugu zake, kwa kuwa hapo pumzi tatu huwa ndefu sana. Lakini akiwapo bibi ambaye hajapata kumwadhibu mtu, na watoto ambao hawana shaka naye, bonge jeusi laweza kukaa juu ya soksi zote bila kudhulumu yeyote.

Na watoto waliofanyiwa hivyo hujifunza haraka. Ukipita mwaka, yule aliyelishika bonge akawatazama wakubwa kwa hofu ndiye anayesimama kando ya jiko, amepewa kazi ya kuponda biskuti kwa chupa, na mashavu yake yamekuwa meusi. Anauliza kama rangi imetosha. Anauliza kama bibi atajua kwa harufu. Soksi aliyoichagua ni ya bibi, na swali linalomshughulisha sasa ni kama aseme neno lolote asubuhi, au anyamaze tu.