Mama wa Ndama Yatima

Leo namkumbuka Daphne Sheldrick, mzaliwa wa Kenya, aliyefariki Aprili 2018 akiwa na miaka 83.

Huko Tsavo Mashariki, alikoishi na mumewe David, mhifadhi wa mbuga ile, ndama wachanga wa tembo walioachwa yatima walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Maziwa ya ng'ombe hayakuwafaa. Daphne alihangaika miaka mingi hadi akapata mchanganyiko wa maziwa ya unga na mafuta ya nazi. Nazi hii hii ya pwani yetu!

Ndama Aisha alinawiri kwa maziwa hayo. Kisha Daphne akasafiri kwenda kwenye harusi ya bintiye. Aisha akagoma kula, akafa kwa majonzi. Uchungu ulioje! Lakini Daphne hakukata tamaa. Alijifunza kwamba ndama asimtegemee mtu mmoja. Ndiyo maana walezi wa ndama hupokezana, na usiku hulala naye bandani.

Zaidi ya tembo 200 wameokolewa hivyo, na wengi wamerudi porini. Msikilizaji, ukimkuta ndama wa tembo peke yake, usimnyweshe chochote. Waarifu askari wa wanyamapori mara moja.